Hata Malisho Yanahitaji Likizo

Wanachuo wenzangu, tuanze na jambo tunalolijua sote. Mvua zikikaribia, chuo huwa na siku yake ya kupanda miti. Fulana zinachapishwa, mgeni rasmi anaalikwa, mashimo yanakuwa yameshachimbwa tangu jana, picha zinapigwa, soda zinagawiwa, tunarudi hosteli. Sina ugomvi na siku hiyo. Ugomvi wangu ni na wazo lililojificha nyuma yake: kwamba nchi kavu ikiharibika, tiba yake ni mche na mhalifu wake ni ng'ombe. Wazo hilo tunalibeba tangu shule ya msingi, tunapita nalo chuoni bila kulihoji, halafu tunakwenda nalo kazini. Na sisi ndio maofisa mifugo, maofisa misitu, mahakimu na waandishi wa habari wa kesho. Tukikosea hapa, anayelipa si sisi. Analipa mtu mwenye ng'ombe kumi na wawili kule Kishapu au Kiteto.

Hoja yangu ni hii. Kwenye nyanda za malisho na misitu ya nchi kavu, kitu cha kwanza kulindwa ni kile kinachofunika udongo: nyasi, mabua, majani makavu yaliyodondoka. Na kinachokilinda kifuniko hicho ni kuipumzisha ardhi kwa zamu, chini ya kanuni ambazo watu wa mahali hapo wameziweka na wana nguvu ya kuzisimamia. Miti itafuata, na mara nyingi itaota yenyewe.

Njia ya mkato ya hosteli

Huhitaji kusafiri mpaka Shinyanga ili uone ninachosema. Angalia njia ya mkato inayokatisha uwanja wa nyasi kutoka hosteli kwenda kafeteria. Chuo gani hakina? Hakuna aliyekusudia kuua ukoka pale. Kila mmoja wetu alikanyaga mara moja tu, asubuhi moja, akiwahi kipindi. Lakini ukoka haukupata siku ya kupumua. Sasa pale pana mstari wa udongo mtupu, mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, kwenye nyasi maji yanazama, kwenye ile njia yanakimbia kama mfereji, na kila mwaka njia inazidi kuwa bonde.

Tone kubwa la mvua hufika chini likiwa na kasi ya karibu kilomita 30 kwa saa. Likikuta jani, nguvu yake inaishia kwenye jani. Likikuta udongo mtupu, linaupasua na kuurusha chembe chembe. Zile chembe ndogo zinaziba vitundu vya udongo, na jua likiwaka juu yake linatokea ganda gumu. Mvua inayofuata haina pa kuingilia. Mbegu nayo haina pa kushika. Inasombwa na maji, au inachipua na kuungua, maana udongo usio na kivuli unaweza kupita nyuzi joto 50 mchana wa kiangazi. Ardhi tupu inajizalia ardhi tupu.

Piga hesabu kidogo, hata kama uliikimbia hisabati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30, ambayo ni ya kawaida tu kwa alasiri moja ya masika, inamwaga lita 300,000 kwenye hekta moja. Hayo ni maboza 30 ya lita elfu kumi kumi. Ardhi ikiwa na kifuniko, sehemu kubwa ya maboza hayo inaingia chini na kulisha nyasi kwa wiki kadhaa. Ikiwa tupu, sehemu kubwa inaondoka ndani ya saa moja, na udongo wa juu inaondoka nao. Ndiyo maana vijiji viwili vinaweza kupata mvua ileile, kimoja kikalia ukame na kingine kikavumilia mpaka mvua nyingine.

Nyasi nazo zina siri yake. Nyasi ya kudumu ikiliwa, mizizi yake ndiyo inayolipa. Ng'ombe akichukua chini ya nusu ya majani, mmea unaendelea karibu kama kawaida. Akichukua sehemu kubwa zaidi, mizizi inasimama kukua kwa siku kadhaa ili majani mapya yapatikane kwanza. Hilo si tatizo, mradi apewe muda. Balaa ni pale chipukizi linapoliwa tena kabla mizizi haijapona, na tena, na tena. Mmea unakufa taratibu kutoka chini, na nafasi yake inachukuliwa na nyasi za msimu ambazo mwezi wa nane hazipo, au na vichaka ambavyo mfugo hauli. Kwa hiyo swali la "ng'ombe wangapi?" halitoshi. Lazima uulize pia: wamekaa pale muda gani, na wamerudi baada ya muda gani?

Kichwa cha habari tulichokariri

Wengi wetu tumepitishwa kwenye makala ya Garrett Hardin ya mwaka 1968. Malisho yakiwa ya wote, kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja zaidi, faida inakuwa yake na hasara inakuwa ya wote, mwisho malisho yanakufa. Tunaikariri, tunaijibu kwenye mtihani, tunapata alama. Tunachosahau ni kwamba Hardin mwenyewe baadaye alikubali kuwa alipaswa kusema malisho yasiyosimamiwa. Na Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba watu duniani kote wamekuwa wakisimamia mali ya pamoja kwa karne nyingi, bila kuibinafsisha na bila askari wa serikali kusimama kila kona.

Sisi tusingehitaji kumsubiri Ostrom. Ushahidi ulikuwa nyumbani, Usukumani, na unaitwa ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinakua, zinatoa mbegu, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, kwingine kukiwa kumeisha, ngitili inafunguliwa, tena kwa vipande: hiki kwanza, kile baadaye. Ndama, ng'ombe wagonjwa, wanaonyonyesha na maksai wa kulima ndio wanaofikiriwa kwanza. Kuna ngitili za familia na kuna za kijiji. Kwa maneno mengine, ni akaunti ya akiba, ila ya nyasi. Sisi tunaomaliza bumu wiki ya pili tungejifunza kitu.

Jinsi nchi ilivyovuliwa nguo

Shinyanga ya zamani, ambayo ilijumuisha pia wilaya ambazo leo ziko Simiyu, ilikuwa nchi ya misitu ya migunga na miombo. Tangu miaka ya 1920 na kuendelea misitu ilifyekwa kwa makusudi, ili kuondoa mbung'o. Pamba ikaja, ikataka mashamba. Kuni zikakatwa. Halafu miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, watu walihamishwa wakaacha ngitili zao nyuma. Tusidanganyane kuhusu hili: sera iliyolenga kuwaletea watu shule, maji na zahanati iliwatenga pia na utaratibu wao wa kutunza malisho. Anayekaa mbali na ngitili yake hawezi kuilinda, na kanuni isiyo na wa kuisimamia inakufa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, ngitili zilizokuwa zimebaki mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Watu walianza kuuita mkoa ule jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Nao ulianza kama tunavyoanza sote: vitalu, miche, miti ya kigeni. Mambo yalianza kubadilika pale mradi ulipowasikiliza wenyeji, na wenyeji wakasema wanachotaka ni ngitili zao zirudi. Basi zikarudi. Maeneo yalifungwa, na visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi ikachipua yenyewe. Kanuni zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa kijadi, na sungusungu wakazisimamia. Ukiingiza ng'ombe kabla ya wakati, unalipa faini mbele ya watu wanaokujua wewe na baba yako. Hakuna hakimu anayeogopwa kama huyo.

Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika mamia ya vijiji. Utafiti uliofanyika wakati huo ulikadiria kwamba faida za ngitili, yaani malisho, kuni, nyasi za kuezeka, asali, dawa na matunda, zilikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50 hivi. Akina mama waliokuwa wakifuata kuni mbali sana wakazipata karibu na nyumbani. Na haya yote yametokea ng'ombe wakiwepo. Usukumani hakuna aliyeambiwa auze mifugo yake ndipo nyasi ziote.

Njia ya pili: kumtoa ng'ombe

Linganisha na Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Makorongo ya milima ya Irangi yalikuwa yanatisha kweli, na mwaka 1979 serikali iliamua kuwaondoa mifugo wote kwenye eneo lililoharibika, wanyama zaidi ya 80,000. Tuseme ukweli: nyasi zilirudi, miti ikarudi, udongo ukatulia. Anayekataa hilo hajatembea Kondoa. Lakini ng'ombe wale hawakupaa mbinguni. Walikwenda kwa majirani, na mzigo ukaenda nao. Kaya zikakosa maziwa na samadi, na baada ya miaka kadhaa ikabidi ufugaji wa ndani, wa ng'ombe wachache, uruhusiwe tena.

Kisha Usangu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwenye bonde lile kwa hoja kwamba mifugo ndiyo iliyokausha Ruaha Mkuu na kuleta mgawo wa umeme. Watafiti waliochunguza bonde hilo walikuwa wameonyesha kwamba maji ya kiangazi yaliishia kwa sehemu kubwa kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Haikusaidia. Maelfu ya ng'ombe waliswagwa kwenda Pwani na Lindi, wengine wakafia njiani, na waliofika wakakuta wakulima ambao hawakuwa wamewatarajia. Tunajua kinachofuata ng'ombe wa mtu wanapofika shambani kwa mtu. Kule Rudewa Mbuyuni, Kilosa, Desemba 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa kwa ugomvi wa namna hiyo. Kwa hiyo jamani, ukisikia mtu anasema habari za nyasi ni habari ndogo, mkumbushe kwamba nyasi zikiisha sehemu moja, watu wanaweza kufa sehemu nyingine.

Nami najua majibu yatakayokuja. La kwanza: watu wameongezeka, ng'ombe wameongezeka, ardhi haijaongezeka. Kweli kabisa. Kuna mahali ambapo mifugo ni mingi kupita ardhi, na hakuna zamu itakayoziba pengo hilo. Lakini idadi peke yake haikuonyeshi cha kufanya. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka huu inaweza kuwa nusu ya mvua ya mwaka jana, ile namba moja ya "uwezo wa malisho" tunayoifundishwa inakuwa namba ya mwaka ambao haupo. Mfugaji anayehama kufuata mvua anafanya hesabu ileile kwa miguu. Ukimzuia kuhama, unamlazimisha arudie palepale. Hapo ndipo njia ya mkato ya hosteli inapotokea.

La pili ni zito zaidi: ngitili si pepo. Zipo ngitili kubwa za watu wenye uwezo, na zipo kaya maskini zisizo na kipande, zinazonunua malisho kiangazi au kubaki kuangalia. Ngitili nyingine zimegeuzwa mashamba, nyingine zimeishia kwenye magunia ya mkaa. Hili silikatai. Ila ni tatizo la haki ndani ya kanuni, na dawa yake ni kuitengeneza kanuni. Kuifuta kungemwacha maskini bila hata pa kulalamikia.

La tatu litatoka kwa wenzetu wa misitu: je, moto? Hakika, moto ni adui wa kifuniko cha ardhi kuliko ng'ombe wengi. Moto wa mwezi wa tisa kwenye miombo, nyasi zikiwa zimekauka chakari, unakula kila kitu na kuua miche michanga, na mvua za kwanza zinakuta udongo uko uchi. Moto wa mapema, mwezi wa tano au wa sita nyasi zikiwa bado na ubichi, ni mpole na huacha viraka. Lakini nani ataamua ni lini kiberiti kiwashwe? Tunarudi palepale: watu walioketi pamoja, wakakubaliana, na wanaweza kumtoza faini anayekiuka.

Sasa sisi tufanye nini?

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 ipo. Kiteto, vijiji vitatu vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, na vikaupa jina kwa kuunganisha herufi za mwanzo za majina yao: OLENGAPA. Mfugo haujui mpaka wa kijiji. Afadhali mpango nao usijifanye unaujua. Dodoma nako, kampeni ya Kisiki Hai inawafundisha wakulima kutunza machipukizi ya visiki badala ya kununua miche. Kinachokosekana ni watu wa ofisini wenye macho ya kuona haya. Watu hao ni sisi.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu.

Kwanza, siku ya kupanda miti ibaki, lakini iwe na siku ya pili: kuhesabu, miezi kumi na miwili baadaye, ni miche mingapi iko hai. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama mwaka jana tulipanda mia tano na hamsini ndiyo imebaki, tuchapishe namba hiyo humu humu kwenye jarida.

Pili, kila mwanafunzi anayekwenda mafunzo kwa vitendo kwenye nchi ya malisho, awe wa kozi yoyote, ajifunze kipimo kimoja kisicho na gharama. Tembea hatua mia moja kwa mstari ulionyooka. Kila hatua, angalia ncha ya kiatu chako imegusa nini: nyasi hai, mabaki makavu, jiwe, au udongo mtupu. Andika. Ukipata udongo mtupu mara sitini kati ya mia, umeshajua kitu ambacho picha ya mgeni rasmi akishika koleo haitakuambia. Rudia palepale mwaka unaofuata, utajua kama nchi inapona au inakufa. Mwanasheria anaweza. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza, tena yeye zaidi.

Tatu, mijadala yetu ya wafugaji na wakulima isifanyike tena bila mfugaji ukumbini. Tumeshakaa kwenye makongamano ambayo neno "mchungaji" linatamkwa kama kosa la jinai, na kila mzungumzaji ana shahada. Aitwe mzee wa Kisukuma, aitwe mama wa Kimaasai anayejua ni bonde gani linafungwa kwa ajili ya ndama na kwa nini. Waje kama walimu, na walipwe posho ileile anayolipwa profesa mgeni.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Zaidi ya nusu ya nchi kavu ya dunia hii ni nyanda za namna hiyo. Zitaandaliwa semina, na fulana zitachapishwa tena. Hayo ni sawa. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe uko chini, kwenye kile kipande cha udongo kisicho na jani. Wasukuma waliuziba kwa kufunga geti mvua zikianza na kulifungua kiangazi, na kwa kukubaliana nani atalipa akilivunja. Tutakapokabidhiwa mihuri ya ofisi, tukumbuke kuuliza swali lao kabla ya swali letu. Kabla ya kuuliza ng'ombe ni wa nani na waondoke lini, tuulize: ardhi hii imepumzika lini mara ya mwisho?